Waluguru na matuta ya mkoloni: ni ubishi au ni hesabu?

Machafuko ya kupinga matuta huko Matombo, katika milima ya Uluguru, Morogoro, Julai 1955, huelezwa kwa njia mbili: ama Waluguru walikuwa wabishi wa mambo mapya, ama chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja, kilipata mwanya wa kupenyeza siasa. Maelezo yote mawili yanauruka udongo wenyewe.

Mabwana shamba wa kikoloni tuwape haki yao. Mmomonyoko ulikuwapo kweli. Miteremko ya Uluguru ni mikali, mvua ni nyingi, na maji ya milima ile ndiyo yanayoulisha mto Ruvu. Serikali ikaamuru matuta ya ngazi, na asiyechimba akashtakiwa.

Sasa shika jembe. Ili upate ngazi ya tambarare ni lazima uukate mlima, na ukiukata, udongo mweusi wa juu, ambao sehemu nyingi kule ni mwembamba, unafukiwa. Mahindi yanaota kwenye udongo mwekundu wa chini, usio na rutuba. Dawa yake ni samadi. Itoke wapi? Wengi milimani hawakuwa na ng'ombe. Labda mbuzi wachache na kuku. Mama mwenye shamba, kuni na watoto anachimba kwa amri, halafu anavuna pungufu ya mwaka jana. Akigoma mwaka unaofuata, kaikataa sayansi au kayasoma matokeo ya jaribio? (Waliobuni jaribio hawakuyategemea kwa ugali wao.)

Siasa ilikuwapo, sikatai. Lakini tazama Machakos, Kenya. Huko nako mkoloni alilazimisha matuta, Wakamba wakayachukia. Baada ya uhuru walichimba wenyewe fanya juu kwa wingi: unachimba mtaro, unarusha udongo upande wa juu, na mvua inajenga ngazi taratibu, mwaka hadi mwaka. Udongo mzuri haufukiwi. Tena walikuwa na ng'ombe wa samadi, na soko la Nairobi halikuwa mbali.

Matombo polisi walifyatua risasi, mtu akafa, na mpango ukaachwa. Wakati huo Wamatengo wa Mbinga, kusini, walikuwa wakilima ngolo tangu zamani kwenye miteremko mikali vilevile: nyasi zilizofyekwa hupangwa kwa miraba, zikafunikwa kwa udongo unaochimbwa katikati, zikaoza na kuwa mbolea, huku mashimo yakikinga maji. Mbinga ilikuwa ndani ya Tanganyika hiyohiyo.