Kabla ya kuuliza ada, uliza mwaka wa nne

Binti wa kaka yangu alinijia na daftari. Alikuwa ameligawa safu tatu, kila safu chuo kimoja cha udaktari cha nje, na ndani yake kapanga mistari: ada, hosteli, bima, viza, tiketi. Safu ya kwanza ndiyo iliyokuwa na jumla ndogo kuliko zote, na alikuwa ameizungushia kalamu nyekundu. "Shangazi, hapa hakuna mjadala," akaniambia. Nikamwomba anioneshe mstari unaosema akifika mwaka wa nne ataongea na mgonjwa kwa lugha gani. Akaniangalia kama niliyemuuliza rangi ya mapazia ya hosteli.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, na hesabu ya aina ile nilikuwa nimeshaiona mara nyingi mno. Katika ukoo wetu vijana wanne wamewahi kwenda kusomea udaktari nje kwa sababu ile ile moja, kwamba nafasi nyumbani zilikuwa chache au ghali. Wawili leo wanatibu. Mmoja anauza vifaa vya maabara na anasema ameridhika, nami namwamini nusu. Wa nne anarudia mtihani wa leseni, na huu ni mwaka wake wa tatu wa kurudia. Ada yake ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko za wenzake wote. Ukijumlisha malipo ya mitihani, masomo ya ziada ya kujinoa, na mishahara ya miaka mitatu ambayo hakuipata, kile chuo cha bei poa kimeshapita kile cha binamu yake tuliyemcheka kwa kusoma ghali.

Kwa hiyo jumla ya daftari lazima iishie kwenye leseni. Joho ni kituo cha njiani tu.

India inalijua jambo hili kuliko nchi nyingi, maana vijana wake wanaokwenda kusomea udaktari nje ni maelfu kwa maelfu. Tangu 2002 anayerudi na shahada ya nje hufanya mtihani wa mchujo uitwao FMGE. Maswali ni 300, na anayepata 150 amefaulu. Nusu tu. Hata hivyo, kwa miaka mingi ya karibuni wanaofaulu katika awamu nyingi wamekuwa robo au chini ya hapo. Siamini kwamba wengine wote ni wazembe. Kijana aliyeimeza biokemia akiwa peke yake kwenye baridi ya digrii ishirini chini ya sifuri si mzembe. Wengi walisoma mahali ambapo kitabu kilikuwepo na mgonjwa hakuwepo, au alikuwepo lakini hawakuelewana naye.

Mwaka 2021 India ikaandika masharti mapya: masomo yasipungue miezi 54, kisha miezi 12 ya utarajali katika chuo kile kile cha nje, ufundishaji uwe wa Kiingereza, na shahada iwe inamruhusu mhitimu kupata leseni ya kutibu katika nchi iliyoitoa. Hata usiye Mhindi unaweza kuyaazima ukachekechea vyuo vyako. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi. Chuo kinakupa cheti cha udaktari, lakini nchi yake haikuruhusu kumtibu hata mwananchi wake mmoja kwa cheti hicho. Sasa wa kwenu ndio watibiwe nacho?

Turudi kwenye lugha, maana hapo ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Vipeperushi vyote husema masomo ni kwa Kiingereza, na kwa miaka miwili ya mwanzo kweli ni hivyo. Anatomia, fiziolojia, biokemia, mihadhara na slaidi zake, yote yanakwenda. Kisha unaingia wodini. Mzee kalala, kashika kifua. Yanaanza maswali ambayo ndiyo udaktari wenyewe: yalianza lini, yanachoma au yanabana, yanapanda begani, ukipanda ngazi yanazidi, nyumbani kuna mwingine aliyewahi kuwa nayo? Mzee huyu hakusoma kipeperushi. Anajibu kwa Kichina, au Kirusi, au Kigeorgia, tena kwa lafudhi ya kijijini kwao, na katikati ya jibu anamkumbuka marehemu kaka yake, na hapo ndipo kidokezo cha ugonjwa kilipojificha.

China imejaribu kulitazama hili. Mwaka 2007 wizara yake ya elimu ilitoa orodha ya vyuo vinavyoruhusiwa kuwafundisha wageni udaktari kwa Kiingereza, pamoja na idadi ya wanafunzi ambayo kila chuo kinaweza kupokea. Mwaka 2018 ikaweka kiwango kwamba mgeni wa shahada ya kwanza anayefundishwa kwa lugha ya kigeni awe amefika daraja la 4 la HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, anapohitimu. Ni hatua nzuri. Lakini daraja hilo katika mpangilio wake wa ngazi sita ni maneno kama 1,200, nayo yanahitajika mwishoni, wakati mzee wa kifua unakutana naye katikati. Anayekwenda China na akapuuza Kichina mwaka wa kwanza atakuwa mtazamaji wodini. Wapo wanaokichukulia kwa uzito tangu wiki ya kwanza, na hao hutoka madaktari kamili. Tofauti hiyo huioni kwenye safu ya ada.

Ndiyo maana nina upendeleo, na nautamka wazi: chuo kinachokulazimisha lugha kabla ya kukupa koti jeupe nakiamini kuliko kinachokuahidi kwamba lugha haitakusumbua. Shule ya Amerika ya Kilatini ya Udaktari ya Havana, Cuba, inayojulikana kama ELAM, ilifunguliwa 1999 katika majengo yaliyokuwa chuo cha jeshi la majini, na wageni wasiojua Kihispania wanaanza nacho. Ukikosa Kihispania huendi mbele. Wengi walisoma hapo bure kabisa. Wahitimu wake wanaweza kulalamikia mengi, chakula na mabweni yakiwemo, lakini sijamsikia anayesema hakuzungumza na wagonjwa.

Ujerumani nayo watu wa madaftari huiruka kwa sababu ya neno Kijerumani. Vyuo vingi vya umma huko havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg lilianza 2017 kuwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Mzigo uko kwingine: lugha mpaka ngazi ya juu iitwayo C1, ushindani mkali wa nafasi, na pesa ya kujikimu unayotakiwa kuionesha kabla ya viza, ambayo mwaka 2024 ilipanda hadi euro 11,904 kwa mwaka. Italia ina vyuo vya umma vinavyofundisha udaktari kwa Kiingereza, unaingia kwa mtihani uitwao IMAT, na ada inapimwa kwa kipato cha familia yako, kwa hiyo mtoto wa mwalimu halipi sawa na mtoto wa mwenye kiwanda. Nilipomwambia binti hilo, alidhani namtania. (Wodini huko ni Kiitaliano, usisahau.)

Hosteli, chakula na hali ya hewa mtazoea. Sitapoteza wino hapo.

Ithibati ndiyo inayowachanganya wengi, na mawakala wanafurahia mchanganyiko huo. Ipo Orodha ya Dunia ya Vyuo vya Udaktari, inayosimamiwa na shirikisho la dunia la elimu ya udaktari, WFME, pamoja na FAIMER, taasisi ya Marekani inayoshughulikia elimu ya udaktari duniani. Wakala atakuonesha jina la chuo humo kama aliyekuonesha hati ya nyumba. Orodha yenyewe inasema kuwamo humo si ithibati. WFME hata haitoi ithibati kwa vyuo, inatambua vyombo vinavyoitoa. Ukifungua ukurasa wa chuo, nenda kwenye maelezo ya wafadhili wa orodha uone kama ECFMG, taasisi inayohakiki vyeti vya waliosoma udaktari nje ya Marekani, inawakubali wahitimu wake, na wa kuanzia mwaka gani. Ni dakika tano. Hata kama huna ndoto ya Marekani, jibu la pale linakupa fununu.

Kisha andikia baraza la madaktari la nchi utakayofanya kazi. Andika, usipige simu, ili ubaki na jibu lenye tarehe. Uliza kwa jina kamili la chuo na la programu, kwa sababu chuo kimoja kinaweza kuwa na programu mbili na ikakubalika moja. Uliza pia juu ya miaka. Ufilipino unaanza na shahada ya awali ndipo uingie miaka minne ya udaktari. Misri ilibadili mfumo wake mwaka 2018, kutoka miaka sita na mmoja wa utarajali kwenda mitano na miwili. Baraza linalohesabu miaka kwa namna yake linaweza kukukatalia mmoja ambao umeshaulipia.

Kuna na yale ambayo hakuna daftari linaloyabashiri. Machi 2020 China ilifunga mipaka kwa wageni, na wanafunzi waliokuwa likizo kwao walisomea udaktari kwenye simu hadi viza zao zilipofunguliwa tena Agosti 2022. Februari 2022 maelfu ya wanafunzi wa Kharkiv na miji mingine ya Ukraine walikimbia kwa miguu na treni kuelekea mipaka ya magharibi. Aprili 2023 ikawa zamu ya Khartoum, Sudan, vita vilipozuka. Mei 2024 makundi ya watu yalivamia hosteli za wanafunzi wa kigeni mjini Bishkek, Kirgizistani. Sisemi usiende popote. Nasema kila mwisho wa mwaka chukua nakala ya matokeo iliyogongwa muhuri uihifadhi nje ya nchi hiyo, na usihame chuo kabla ya kuuliza. Baraza la madaktari la Uingereza, kwa mfano, halikubali shahada ambayo zaidi ya nusu ya masomo yake yalifanyika nje ya nchi iliyoitoa. Nusu hiyo imewaumbua waliohama wakidhani wamejiokoa.

Na wakala? Analipwa na chuo kwa kila kichwa anachopeleka. Hilo halimfanyi mwizi. Binamu yangu alisaidiwa na wakala mwungwana aliyempokea uwanja wa ndege saa nane usiku. Ila orodha yake ni ya vyuo vinavyomlipa, basi, na kile cha Italia hakimo.

Basi nilimrudishia binti daftari na kazi moja. Atafute, kwa kila chuo, mwanafunzi wa mwaka wa nne au wa tano, asiyepewa na wakala, amuulize swali moja: wiki iliyopita ulizungumza na wagonjwa wangapi, wewe mwenyewe? Ilimchukua siku kumi.

Wa chuo cha kalamu nyekundu alijibu, "Kuzungumza? Tunasimama ishirini na tano nyuma ya daktari, tukitoka anatueleza kwa Kiingereza." Wa safu ya pili hakujibu kabisa. Wa safu ya tatu, chenye jumla kubwa kuliko vyote, alituma ujumbe wa sauti akicheka: wagonjwa wanne, na bibi mmoja kamfukuza kitandani kwa kuwa kachanganya neno la tumbo na neno la mume.

Kaka yangu bado ananuna kuhusu zile pesa za safu ya tatu. Binti yuko chumbani kwake tangu asubuhi, kavaa visikizi, anarudia kuuliza "unaumwa wapi?" kwa lugha ya huko, na tumbo keshalipatia.