Nahodha Alikimbia, Sawa. Na Zoezi Je?

Ijumaa iliyopita nilikuwa kwenye boti ya kwenda Unguja. Dada wa watu akasimama mbele na jaketi la kujiokolea, akaonyesha kamba zinavyofungwa, akaonyesha filimbi. Hakuna aliyemtazama. Runinga ilikuwa inapiga bongofleva juu ya sauti yake. Jamaa wa pembeni yangu, gunzi la mahindi ya kuchoma mkononi, akacheka: "Dada'angu, hii siyo Titanic bwana." Kisha akanitolea simu nisikilize ile sauti isiyochuja, ofisa wa walinzi wa pwani ya Italia akimfokea nahodha arudi melini. Jamaa alicheka mpaka akafuta machozi.

Mimi nilinuna hadi bandarini Malindi, Unguja.

Costa Concordia, ile meli ya kitalii ya Italia, tunaijua kwa kichekesho hicho tu. Francesco Schettino alisogeza meli karibu na kisiwa cha Giglio ili akipigie saluti, akaipandisha mwambani, akashuka abiria wangali ndani. Mahakama ikampa miaka 16. Stahili yake, sina chozi la kumlilia. Lakini tukishamcheka tunalala usingizi mzuri, kana kwamba nahodha akiwa jasiri basi kila kitu kiko sawa.

Hebu itazameni meli yenyewe. Iliundwa na kampuni ya Fincantieri pale Genoa, Italia, mita 290, ikaanza kazi Julai 2006. Siku ya kuipa jina chupa ya shampeni iligoma kupasuka, na wapenda nuksi wanaila habari hiyo mpaka leo. Vyumba 1,500, mabwawa manne ya kuogelea, sitaha 13 zilizopewa majina ya nchi za Ulaya. Yaani ulikuwa unaweza kujua kabisa kwamba umelala nchi gani na unakula nchi gani, ila boti yako ya kuokolea hujui iko wapi.

Sitanii. Tarehe 13 Januari 2012 karibu abiria 700 walipanda bandari ya Civitavecchia, Italia, jioni. Zoezi lao la dharura lilipangwa kesho yake. Na hapo ndipo damu inaponichemka: hilo halikuwa kosa! Kanuni za wakati ule ziliruhusu zoezi lifanywe ndani ya saa 24. Wamekula, wamekunywa, wanatazama maonyesho, saa 3:45 usiku mwamba ukachana ubavu karibu mita 50. Maji yakajaa vyumba vya mitambo, taa zikazimika, jenereta ya dharura haikudumu. Abiria wakatangaziwa kwamba ni hitilafu ya umeme. Wapo walioambiwa warudi vyumbani! Amri ya kuacha meli ilitoka saa 4:54.

Zaidi ya saa nzima. Na meli haikukaa ikisubiri. Boti za kuokolea zinatengenezwa ziweze kushushwa meli ikiwa imeinama hadi nyuzi 20. Ikipita hapo, za upande mmoja zinaning'inia mbali na watu, za upande wa pili zinakwaruza ubavu wa meli. Kwa hiyo kila dakika ya "tulieni, ni umeme tu" ilikuwa inakula boti. Mtu aliyeshafundishwa pa kukusanyika angalau angejisogeza mwenyewe bila kumngoja muungwana wa kumwambia ukweli. Yule wa Civitavecchia angesogea wapi?

Haya, nikubali kwa shingo upande: kati ya watu 4,200 na ushei, waliokufa ni 32. Upepo uliirudisha meli kwenye maji mafupi, na watu wa Giglio waliwafungulia milango ya nyumba na kanisa. Ila upepo siyo mpango wa uokoaji.

Baadaye hodari wote wakajitokeza. Meli ikasimamishwa wima Septemba 2013, ikaelea Julai 2014, ikakokotwa kurudi Genoa ilikozaliwa ikakatwe vyuma chakavu. Mzamiaji mmoja alifia kwenye kazi hiyo. Na zoezi? Tangu 2015 sheria za kimataifa zinataka lifanywe kabla ya kung'oa nanga, au mara tu meli inapoondoka. Jambo la nusu saa, lisilohitaji hata bolti moja mpya.

Nikamwambia yule jamaa kwamba Concordia ilipolala ubavu, sisi tulikuwa na miezi minne tu tangu Spice Islander izame ikielekea Pemba. Akaacha kucheka. Akasema shangazi yake wa Wete alikuwa na tiketi ya usiku ule, akaghairi. Tukanyamaza wote wawili. Bongofleva iliendelea.

Jumapili nikirudi Dar nikapapasa chini ya kiti. Jaketi lilikuwepo. Kamba yake ilikuwa imepigwa fundo, na kucha zangu zilihangaika nalo mpaka tukakipita kisiwa cha Chumbe.