Daftari la Ubani na Mkutano wa Mtaa

Huku kwetu Ngamiani, Tanga, mtu akifariki saa kumi alfajiri, saa mbili asubuhi turubai limeshafungwa, mikeka imetandikwa, na barazani ameshakaa kijana na daftari la ubani, yaani mchango wa msiba. Jina, kiasi. Elfu moja, mia tano, elfu mbili. Mama wa vitumbua, ambaye mtaji wake wote uko kwenye ndoo ya unga, naye ataandikwa na hakubali kurukwa. Sijaona mtu wa mtaa wetu akizikwa kwa deni.

Moyo huu naupenda, na ndiyo maana kuna jambo linaniuma.

Masika yakikolea, maji hayana pa kupita. Mtaro umejaa mchanga na chupa za plastiki, maji yanarudi uani na kuchanganyika na ya chooni. Mara mbili tumechangishana saruji na kokoto, vijana wakachimba, kina mama wakaleta chai na mihogo. Mara zote mbili mvua ikaubomoa, kwani hatukuwa na wa kutupimia mteremko, na maji tuliyoyasukuma yaliishia mlangoni kwa wenzetu wa mtaa wa pili. Kazi ile inataka mhandisi, kalavati na mtambo. Inataka bajeti ya halmashauri. Kopo la mchango haliiwezi.

Na hiyo bajeti tuna haki ya kuisemea. Ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Serikali hizo ziliwahi kufutwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, kwa hiyo wazee wetu wanajua ilivyo kukosa hata pa kuulizia. Sisi tulichagua wenyeviti Novemba 27, 2024, tukarudi majumbani. Mkutano wa mtaa uliofuata nilihesabu watu 14. Wiki hiyohiyo, msibani, sinia za wali hazikutosha.

Naamini hatuji kwa sababu msibani kila mtu anajua shilingi yake imekwenda wapi: sanda, mbao, mchele. Siku ya hitima daftari linasomwa, wote tunasikia. Mkutanoni kwetu mapato na matumizi hayakuwa yakisomwa, na hakuna aliyeyadai.

Safari hii nilipita nyumba kwa nyumba. Bibi mmoja jirani alifungua mlango, akajishika kifuani: "Nani katutoka, mwanangu?" Nikamwambia hakuna msiba, bibi, ni mkutano, habari ya mtaro. Akanyamaza kidogo, akauliza saa ngapi.

Jumamosi alikuja na kigoda chake akaketi mbele kabisa. Mtendaji alipouliza kama kuna mwenye swali, mkono wa kwanza ulikuwa wake. Alitaka asomewe mapato na matumizi ya mwaka mzima, jina na kiasi, kama lisomwavyo daftari la ubani.