Mpira tunauchambua, vichekesho tunavibembeleza

Simba ikifungwa Jumamosi, hadi Jumatatu saa tatu asubuhi beki aliyezembea ameshajadiliwa kwenye redio karibu zote za Dar es Salaam. Watasema alivyosimama, alikokuwa anatazama, kwa nini hakumfuata mtu wake. Wachambuzi watakatana kauli, mmoja atamtupia lawama kocha, msikilizaji wa Mbagala atapiga simu kuwapinga wote, na hakuna atakayesema mchezaji kaonewa. Lakini mchekeshaji akipanda jukwaani wiki hiyohiyo, akasimama dakika ishirini mbele ya watu waliokata tiketi na shoo ikabuma, redio haina neno. Akialikwa studio, ujue kaja kutangaza shoo inayofuata.

Si kwamba hatuna cha kuchambua. Cheka Tu, jukwaa la stendapu la mchekeshaji Coy Mzungu, limewazoesha watu kulipa kiingilio kwa ajili ya mtu mmoja na maiki yake. Kabla ya hapo tulikuwa na kina Joti, Masanja na Mpoki, walioanza na kipindi cha Ze Comedy kwenye televisheni ya EATV, wakahamia TBC1 na kuzaliwa upya kama Orijino Komedi. Kenya wana jukwaa la Churchill, ambalo limetoa wachekeshaji wengi kiasi kwamba ukitaja kizazi cha sasa huwezi kulikwepa. Mali ipo, na wateja wapo. Kinachokosekana ni kipindi cha redio ambamo watu watatu walioitazama shoo wanakaa na kuulizana ilikuwaje. Mimi nadhani tunakihitaji, ila hoja za kukikataa ni nzito kuliko zinavyochukuliwa, na mojawapo bado inanipa shida.

Kwanza tulichonacho. Mtiririko wa mahojiano ya redio na wachekeshaji anaujua kila anayepanda daladala asubuhi. Mgeni anakaribishwa kwa kelele, anaulizwa sanaa alianzaje, nyumbani walimkubali au walimkatalia, ana mchumba au hana. Kisha mtangazaji anachomeka simu kwenye mtambo na kutupigia klipu: sekunde kadhaa za maneno yasiyosikika vizuri, halafu ukumbi mzima unaangua kicheko. Aliyeko barabarani hajui kilichochekesha ni nini. Mtangazaji naye anacheka, "aisee, wewe ni noma," na matangazo ya biashara yanaingia. Hapo ndipo tunapoambiwa tumejadili vichekesho.

Kulaumu watangazaji kwa uvivu ni rahisi, lakini tatizo liko kwenye mpangilio wenyewe. Beki wa Simba hayupo studio anapochambuliwa, mchekeshaji yupo, amekaa kiti cha pili, na ukimwambia mbele ya wasikilizaji kwamba dakika kumi za mwisho zilikuwa za kujaza muda, umemvunjia heshima mgeni. Sisi hatujalelewa hivyo. Isitoshe, mchekeshaji mwenye wafuasi wengi Instagram haihitaji redio kama redio inavyomhitaji yeye. Na mara nyingi mtangazaji na mgeni wake ni watu wa kazi moja, wanakutana kwenye MC za harusi zilezile wikiendi. Daniel Ndambuki wa Kenya ni mfano mzuri: kwa miaka mingi alikuwa akitangaza asubuhi na Maina Kageni kwenye redio ya Classic 105 kama Mwalimu King'ang'i, na papo hapo ndiye Churchill mwenye jukwaa kubwa la vichekesho nchini humo. Alizifanya kazi zote mbili vizuri. Ila mtu aliyekalia viti hivyo viwili huwezi kumtarajia aje kutuambia nani kachuja.

Sasa tuwasikilize wanaosema tuache mambo yalivyo. Hoja yao ya kwanza ni ya ufundi, na ni ya kweli. Goli likirudiwa mara kumi linabaki goli, bali mzaha ukisimuliwa na mtu mwingine redioni umekwisha. Dakika ishirini za stendapu hazitungwi usiku mmoja. Mtu anazijaribu kwenye kumbi ndogo, anaondoa neno hapa, anahamisha pumziko pale, mpaka zikae sawa, ndipo azipeleke Dodoma, Mwanza na Arusha. Mchambuzi akitaka kuthibitisha hoja yake lazima ausimulie mzaha, na atausimulia vibaya kwa sababu yeye si mchekeshaji. Watu wa Mwanza wataingia ukumbini wakiwa wameshausikia, tena ukiwa umekufa.

Nusu ya hoja hiyo naikubali. Wachekeshaji wenyewe wanarusha vipande mtandaoni usiku uleule, kwa hiyo kuuchoma mzaha kunaanzia nyumbani. Tofauti ni kwamba kipande wanachokichoma wamekichagua wao. Mchambuzi makini anaweza kueleza mzaha ulivyojengwa na kumwacha msikilizaji mlangoni bila kumwambia mwisho. Huo nao ni ufundi, na anayeukosa asipewe maiki.

Hoja ya pili ni ya tumbo. Mchezaji ana mkataba na mshahara, mchekeshaji anaishi kwa matangazo ya kampuni, na kampuni zinasikiliza redio. Ni kweli, lakini hata mwanamuziki anaishi hivyohivyo na bado tunamwambia wimbo haujakaa. Siioni kama kikwazo.

Hoja ya tatu ndiyo inayonipa shida: anayeufafanua mzaha anaweza kumponza aliyeutoa. Oktoba 2019, siku ya kuzaliwa ya Rais John Magufuli, mchekeshaji Idris Sultan aliweka mtandaoni picha alizobadilisha sura: yake kwenye mwili wa Rais, ya Rais kwenye mwili wake. Akatakiwa kuripoti polisi. Mei 2020 alikamatwa baada ya kusambaa video inayomwonyesha akicheka picha ya zamani ya Rais huyo akiwa kwenye suti iliyompwaya. Alipofikishwa mahakamani, shitaka lilikuwa la laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Angalia kilichokuwemo kwenye ile video: mtu anacheka. Hakuna kauli wala tusi. Kicheko kisicho na maneno ni kigumu kukishitaki chenyewe.

Sasa wakalishe wachambuzi watatu studio saa nne asubuhi, waulizane: Idris alimaanisha nini? Kila atakayejibu kwa ufasaha anatoa tafsiri ambayo mchekeshaji mwenyewe hakuitoa, na kuna mtu mahali anarekodi. Nguvu ya mzaha juu ya wakubwa mara nyingi iko kwenye kile usichokitamka. Kundi la vichekesho la Redykyulass la Kenya lilimwigiza Rais Moi angali madarakani, sauti ile na mikono ile, nchi nzima ikajua ni nani bila mtu kuambiwa. Kwenye mazingira ya namna hiyo, mchambuzi anayefafanua anaweza kuwa anamfanyia kazi mwendesha mashitaka bila kujua.

Redio yenyewe nayo imefungwa mikono kuliko ukumbi. Mwaka 2020 TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano Tanzania, iliifungia Wasafi FM kwa siku saba kutokana na lugha iliyotumika kwenye vipindi vyake. Kenya, kanuni za utangazaji zinautambua muda wa saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku kuwa ni muda ambao watoto wanasikiliza, na maudhui ya watu wazima hayaruhusiwi. Stendapu nyingi ni ya usiku, ya watu wazima, na imejaa mambo ya chumbani. Huwezi kuichambua bila kuinukuu, na nukuu iliyochekesha ukumbini saa tano usiku ikisomwa saa nne asubuhi ni kosa la leseni.

Kwa hiyo tunyamaze? Hapa ndipo ninapoachana nao. Ukimya haukumkinga Idris. Alipokamatwa waliomtetea walikuwepo, lakini walimtetea kama kijana anayeonewa, siyo kama fundi wa kazi yenye kanuni zake. Hatukuwa na mazoea ya kuijadili kazi hiyo hadharani, basi siku ya shida hatukuwa na maneno ya kuitetea. Nchi ambayo kila wiki inasikia watu wakibishana mzaha unajengwaje, unamlenga nani na mpaka wake uko wapi, haitashangaa sana mtu akimcheka mkubwa.

Upande wa pili wa hatari hiyohiyo ulionekana Nairobi. Machi 2021, watangazaji wa asubuhi wa Homeboyz Radio walizungumzia kwa masihara kisa cha mwanamke aliyedaiwa kusukumwa na mwanamume kutoka ghorofa ya 12, kesi ikiwa bado mbichi, wakielekea kumlaumu yeye. Wadhamini walijitoa, watangazaji wakafukuzwa, na Mamlaka ya Mawasiliano ikakitoza kituo faini ya shilingi milioni moja za Kenya na kukisimamisha kipindi miezi sita. Unaweza kusema adhabu ilikuwa kubwa au ndogo. Mimi nilichokiona ni studio ambayo mle ndani hakukuwa na mtu mwenye kazi ya kuuliza, "Samahani, hapa tunamcheka nani?" Kila aliyekuwemo alikuwa pale ili kicheko kisikatike. Swali hilo ndilo kazi ya mchambuzi, na lingegharimu sekunde tano.

Swali hilohilo linafaa kuulizwa juu ya vichekesho vya makabila, ambavyo ndivyo mtaji wa stendapu yetu. Mpare bahili, Mchaga na hela, Msukuma na ushamba, na ukivuka mpaka kuna Mkikuyu, Mluo na Mluhya, kila mmoja na lafudhi yake. Wengi huvitetea kwa kusema utani ni jadi yetu. Ni kweli, ila jadi hiyo ilikuwa na masharti. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, au wa Wahehe na Wangoni, ulijulikana nani ni mtani wa nani. Mtani aliweza kufika msibani akamkejeli marehemu mbele ya wafiwa na hakuna aliyekunja uso, kwa sababu mtani huyohuyo alikuwa na wajibu wa kusaidia maziko. Uhuru ule ulilipiwa. Mchekeshaji wa leo kauchukua uhuru akauacha wajibu, tena anamtania mtu ambaye hayumo ukumbini kujibu. Kenya, iliyounda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa kwa sheria ya mwaka 2008 baada ya damu kumwagika kwa misingi ya ukabila, inajua kwamba lafudhi si kitu chepesi muda wote.

Sisemi mzaha wa makabila upigwe marufuku. Mwingine ni mtamu, hasa Mpare anapowasema Wapare. Nasema tofauti kati ya ule mtamu na ule mvivu inaweza kuelezwa, na kuna wasikilizaji wanaoihisi ila hawajapata mtu wa kuisema. Ule mvivu unajulikana: ukiitoa lafudhi, hakuna kinachobaki.

Lipo tatizo moja la redio lenyewe. Vichekesho vingi vinavyotamba sasa ni vya macho. Joti akiingia amevaa kama bibi kizee, nusu ya kazi imeshafanywa na gauni na mwendo kabla hajafungua mdomo, na vile vifupi vya TikTok ndivyo zaidi. Redio haioni. Lakini silihesabu hilo kuwa hasara tupu. RTD, redio ya taifa ya zamani, ilikuwa na wachekeshaji Pwagu na Pwaguzi, sauti tu, na watu waliwaona kichwani. Mchambuzi wa redio akilazimika kumweleza asiyeona kwamba Joti kainamaje, kashika kiuno wapi, kanyamaza muda gani kabla ya kujibu, tayari ametazama kwa makini kuliko sisi tuliopitisha kidole tukacheka tukaendelea.

Linalobaki ni hela, na hapa sina matumaini makubwa. Uchambuzi wa mpira unashamiri kwa sababu, pamoja na ushabiki, nyuma yake kuna kampuni za kubeti. Mtu anayeweka mkeka anataka kujua nani majeruhi na nani yuko fomu, na atasikiliza kwa muda wa saa tatu bila kuchoka. Hakuna anayebeti mzaha. Kipindi cha vichekesho kikitafuta mdhamini, kitakwenda kwenye kampuni zilezile ambazo sura za matangazo yao ni wachekeshaji wenyewe, na tutarudi kwenye "aisee, wewe ni noma."

Kwa hiyo redio binafsi sizitarajii zianze. Ningeanza na TBC Taifa, redio ya umma iliyorithi RTD na haiishi kwa matangazo peke yake. Nusu saa kwa wiki, baada ya saa nne usiku, wakati watoto wamelala na nukuu inaweza kusomwa ilivyo. Watu watatu waliokata tiketi kwa hela zao, mmoja wao awe mchekeshaji mstaafu asiye na shoo ya kuuza. Mchekeshaji anayejadiliwa asiwepo studio, ila wiki inayofuata apewe dakika tano za kujibu bila kukatizwa. Na sheria moja ya ndani: hakuna kusimulia mwisho wa mzaha, na hakuna kumtajia msikilizaji mkubwa gani alikusudiwa pale ambapo mchekeshaji mwenyewe hakumtaja. Aliyekuwepo ukumbini anamjua.