Januari 2028 Haiko Mbali

Kwa miaka mingi mtoto wa Kitanzania amepitia njia ileile: elimu ya awali, miaka 7 ya shule ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya kidato cha tano na sita, kisha chuo kikuu miaka 3 au zaidi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imepunguza elimu ya msingi hadi miaka 6 na kuifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, yaani hadi kidato cha nne. Ninaiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu mtoto anayeishia darasa la saba hana kazi inayomsubiri, wala umri wa kuifanya.

Kinachonitia hofu ni maandalizi. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024, mitaala mipya ilipoanza, watamaliza darasa la sita mwaka 2027, na mwaka huohuo waliowatangulia watamaliza darasa la saba. Januari 2028 makundi yote mawili yatahitaji nafasi za kidato cha kwanza. Hapa Dar es Salaam, katika maeneo kama Mbagala na Chanika, zipo shule ambazo tayari wanafunzi husoma kwa zamu: wa mchana wanafika na mabegi mgongoni na kusubiri uwanjani, juani, mpaka wenzao wa asubuhi waachie madawati.

Madarasa yatajengwa, tumeona force akaunti, yaani utaratibu wa kujenga kwa kutumia mafundi wa eneo husika badala ya mkandarasi, ikisimamisha majengo kwa miezi michache. Kigumu zaidi ni mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, ambao sasa unaanzia kidato cha kwanza sambamba na ule wa elimu ya jumla. Amali inataka karakana yenye umeme wa uhakika, mashine za kuchomelea, vyerehani, na mwalimu aliyeishika kazi hiyo kwa mikono yake, na mwalimu wa namna hiyo hapatikani kwa msimu mmoja wa ujenzi. Akikosekana, mwanafunzi atanakili ubaoni mchoro wa mashine asiyowahi kuigusa, na wazazi wataendelea kuuona mkondo huo kuwa wa walioshindwa.

Halmashauri zote tano za mkoa huu zitangaze sasa, kata kwa kata, zitakuwa na nafasi ngapi za kidato cha kwanza, karakana ngapi na walimu wangapi wa amali, ili mzazi mwenye mtoto katika makundi hayo mawili ajue mapema atasoma wapi.