Kaseti za Harusi Zetu na Kanda za Ithaca

Nimeishi Ithaca, katika jimbo la New York, kwa miaka 11, na katika muda wote huo sijamwona mtu hata mmoja akiuza kanda ya onyesho ambalo bendi ya roki ya Kimarekani ya Grateful Dead ililifanya hapa tarehe 8 Mei 1977, ingawa nyumba zilizo na kanda hiyo mjini si chache. Bendi hiyo ilipiga katika Barton Hall, ukumbi mkubwa wa mawe wa Chuo Kikuu cha Cornell, usiku ambao theluji ilianguka japokuwa mwezi wa Mei ulikuwa umeshaingia, na rekodi ya usiku huo imependwa kiasi kwamba Maktaba ya Bunge la Marekani iliitia katika orodha yake ya mwaka 2011 ya sauti zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Jirani yangu, fundi umeme mstaafu, ndiye aliyenipa nakala yangu. Nilipomuuliza nimlipe kiasi gani alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa upole kwamba kanda hizi haziuzwi. Kama nina muziki wa kwetu nimletee, na kama sina, nimpe kaseti tupu siku nitakayoipata.

Jibu hilo lilinirudisha Mombasa, katika Mji wa Kale, kwa mjomba wangu ambaye sasa ni marehemu. Mjomba alikuwa mpiga fidla wa taarabu, na kila msimu wa harusi alirudi nyumbani alfajiri akiwa na vidole vilivyochubuka. Harusini watu walipanga radio kaseti zao mbele ya spika, na hakuna aliyewakataza, kwa kuwa kumkataza mgeni kwenye harusi ya watu ni utovu wa adabu. Baada ya siku chache kaseti za usiku ule zilikuwa zikiuzwa katika duka moja la mjini ambalo halikumuuliza mwimbaji, mshairi wala mpiga ala yeyote. Siku moja mjomba alipita karibu na muuza kahawa akaisikia fidla yake mwenyewe ikitoka kwenye radio. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda dukani na kununua kaseti hiyo kwa pesa zake, kwa bei ile ile waliyonunua wengine, kwa sababu hakuwa na rekodi nyingine ya kazi yake. Mimi nilikuwa naye siku hiyo, na sijaacha kuona uchungu ninapokumbuka jinsi alivyozihesabu zile shilingi.

Utaratibu wa hapa ulianza kwa namna inayofanana na ya kwetu. Grateful Dead, iliyoundwa California mwaka 1965, ilikuwa na mashabiki walioingia maonyeshoni na maikrofoni zao, na wanamuziki wakaamua kuwaachia. Milingoti ya maikrofoni ilipozidi hadi ikawaziba macho watazamaji na mafundi wa sauti, bendi haikuwafukuza waliorekodi, bali mwezi wa Oktoba 1984 iliwatengea sehemu yao nyuma ya meza ya kuchanganyia sauti, wakawa wananunua tiketi za sehemu hiyo. Sharti lilijulikana kwa kila mmoja: rekodi, nakili, wape wengine, usiuze. Mtu mpya asiyekuwa na kitu cha kubadilishana alituma kaseti tupu pamoja na stempu za kurudishia, akanakiliwa. Juu ya kila kaseti waliandika tarehe, mahali na hata kizazi cha nakala, kwa maana nakala ya nakala huongeza mikwaruzo ya sauti, na ilionekana ni uungwana kumwambia mwenzako anapokea nakala ya mara ya ngapi. Kaseti ya mjomba haikuwa na maandishi yoyote zaidi ya jina la mwimbaji, tena lilikuwa limekosewa.

Hata hivyo siwezi kuungana na wenzangu wa ughaibuni wanaosema kwamba Wamarekani wana uaminifu ambao sisi hatuna. Wanamuziki wa bendi hiyo walikuwa wamekwisha kulipwa mlangoni na maelfu ya watu kabla ya kanda kuzunguka, na kila kanda iliyogawiwa bure ilimleta mtu mwingine kununua tiketi ya onyesho lililofuata. Ni rahisi zaidi kutoa zawadi ukiwa umeshiba. Kwetu mwimbaji na kundi lake walipata ujira wa usiku mmoja pamoja na noti ambazo wasikilizaji walimtuza mwimbaji akiwa jukwaani, na harusi ilipokwisha na riziki ilikwisha. Kaseti ingeweza kuwa pato lao la pili, pengine la pekee katika miezi isiyokuwa na harusi, na ndilo lililochukuliwa. Kwa hiyo ninapolinganisha ninaona kwamba muuzaji wa kwetu alifanya kosa zito kuliko ambalo angelifanya muuzaji wa hapa, na ninaona pia kwamba hata aliyenakili bure kwetu alimnyima mwimbaji kitu ambacho jirani yangu hakumnyima mtu.

Wapo wanaomtetea mwenye duka, na hoja yao nimeifikiria kwa muda mrefu. Yeye ndiye aliyenunua mashine, akalipa umeme, akaagiza kaseti kwa maboksi, na bila ya watu kama yeye nyimbo nyingi alizoziimba Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu wa Mombasa, harusini zingepotea usiku ule ule zilipoimbwa. Hayo ni kweli, na mimi mwenyewe nimelelewa na kaseti hizo. Gharama ya kaseti na malipo ya kazi ya kunakili ninayakubali, kama jirani yangu anavyokubali stempu. Kinachobaki baada ya gharama ndicho ninachokikataa, kwa kuwa fungu hilo lilitokana na koo la mwimbaji, vidole vya mpiga fidla na kalamu ya mshairi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeletewa bahasha.

Wakati mwingine ninaulizwa ni nani hasa angeombwa ruhusa. Juma Bhalo aliimba mashairi ya binamu yake Ahmad Nassir, na mara nyingi aliyatilia mahadhi ya filamu za Kihindi, hivyo wimbo mmoja una wenyewe wengi, baadhi yao wakiwa Bombay. Swali ni la haki, lakini wenyewe kuwa wengi si sababu ya kutomuuliza hata mmoja. Tena kuna mtu ambaye katika mabishano haya husahauliwa, naye ni mwenye harusi. Onyesho la Barton Hall lilikuwa la watu walionunua tiketi. Usiku wa taarabu ulikuwa wa familia. Ndani ya kaseti zetu mna vigelegele vya mama zetu, mna majina ya maharusi, na mna sauti za wanawake waliokuwa wakizungumza karibu na radio bila kujua kwamba wangesikilizwa na mtu asiyewahusu huko Dubai au Toronto. Ninawafahamu mabibi ambao wangeumia zaidi kaseti hizo zikigawiwa bure kuliko zikiuzwa, kwa maana kinachogawiwa bure hufika mbali zaidi.

Hata hapa kubadilishana bure kumewaacha wengine nje. Kanda ya Barton Hall ilirekodiwa na Betty Cantor-Jackson, fundi wa sauti aliyefanya kazi na bendi hiyo, na nyingi katika kanda zake ziliuzwa kwa mnada mwaka 1986 baada ya kushindwa kulipia chumba alichokuwa akihifadhia vitu vyake. Walionunua walizinakili, na zikaanza kupita mkono kwa mkono mpaka onyesho lile lilipotolewa rasmi mwaka 2017. Ukarimu wa maelfu ya watu kwa miaka 30 haukumlipia yeye kodi ya chumba. Nilipomweleza jirani yangu jambo hilo alisema kwamba analijua, na kwamba linamsumbua.

Sheria nayo ina neno lake. Tangu mwaka 1994 sheria ya Marekani inamtia hatiani kwa jinai anayerekodi onyesho bila idhini kwa ajili ya faida ya kibiashara au manufaa yake ya kifedha, huku ikimwachia mwanamuziki nafasi ya kumshtaki kwa madai hata yule asiyetafuta faida. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inampa msanii haki ya kuamua kama onyesho lake lirekodiwe au lisirekodiwe. Lakini sheria zimekuta kaseti zimeshazagaa, na leo kaseti hizo zinahamishiwa YouTube na watu wasiozirekodi, na kabla ya wimbo kuanza msikilizaji anaonyeshwa tangazo la sabuni. Aliyeiweka huita hiyo kuhifadhi utamaduni. Kwangu mimi, tangazo likishalipiwa, hilo ni duka lile lile.

Mwaka jana nilimpigia binti ya mjomba nikamwomba ruhusa ya kumnakilia jirani yangu kaseti ya baba yake. Hakunijibu papo hapo. Aliwauliza ndugu zake, kisha akampata bibi harusi wa usiku ule, ambaye sasa ana wajukuu, naye akakubali kwa sharti kwamba sehemu yenye mazungumzo ya wanawake iondolewe. Niliiondoa. Juu ya jalada nimeandika majina ya wapiga ala wote saba ambao familia iliwakumbuka, na jina la mwimbaji kama anavyoliandika mwenyewe. Kaseti ya pili nimeshaiombea ruhusa na ninangoja jibu. Ya tatu bado iko kwenye droo, kwa kuwa mwimbaji wake alihamia Maskati zamani, na sijampata mtu wa kwao wa kumuuliza.