Kiwanja Kidogo: Nyumba Ikae Katikati au Isogee Mpakani?

Mjadala kuhusu nyumba ndogo za pembezoni mwa miji hauishi kuzunguka ukubwa wa vyumba. Kwangu, swali zito zaidi ni ardhi inayobaki nje ya kuta.

Chukua kiwanja cha mita 10 kwa 20. Kanuni ikitaka uache mita 1.5 kila ubavu, vichochoro viwili vinameza mita za mraba 60 kati ya 200. Ukipita humo na ndoo mbili, moja inakwaruza ukuta. Nguo hazikauki, maana jua halifiki. Dirisha la chumba cha watoto linatazamana na la bafu la jirani, kwa hiyo pazia halifunguliwi mchana kutwa.

Sogeza nyumba ileile hadi mpaka mmoja, upande huo uwe ukuta mtupu, nawe utapata uwazi wa mita 3 upande wa pili. Hapo mti unakua, na sebule inapata mwanga.

Wanaopinga wana hoja, na hoja ya moto siidharau hata kidogo: nafasi kati ya nyumba ndiyo inayochelewesha moto kuruka. Ukuta wa mpakani basi uwe wa tofali au zege, upite juu ya paa. Paa nalo liinamie kwako, mvua isimwagikie kwa jirani. Na siku ya kurudia plasta, fundi atasimama wapi? Haki ya kupita kwa jirani iandikwe kwenye hati mapema, kabla watu hawajakosana. Pasipo na bomba la maji taka, nakubaliana nao moja kwa moja: shimo la choo linahitaji umbali, na hakuna mchoro utakaoutengeneza.

Kupanda ghorofa kunaokoa ardhi pia, ila ngazi hula kama mita 4 za mraba kila sakafu, na mwenye magoti mabovu anahitaji chumba na choo chini.

Kinachonisumbua zaidi ni jirani. Nikisogea peke yangu, yeye anabaki na kichochoro chake na ukuta wangu mtupu mbele ya dirisha. Mpango huu unafaa mtaa mzima ukisogea upande mmoja. Houston, Marekani, ilipopunguza mwaka 1998 ukubwa wa chini unaoruhusiwa wa kiwanja katika eneo la ndani la jiji kutoka kama mita za mraba 465 hadi 130, iliwaruhusu pia wakazi wa mtaa kuomba wabaki na viwanja vikubwa. Kwa hili la kusogea mpakani, ningependa wakazi waulizwe kabla msingi wa kwanza haujachimbwa.